Nimeuziwa laptopu "ya laini", kumbe nimeuziwa tundu

Mpanda Reli

Wakuu salaam. Naombeni msaada kabla sijaenda kugombana na mtu.

Wiki iliyopita nimenunua ThinkPad T470 ya Lenovo, mtumba, ile mizigo inayoshushwa kwa makontena. Mashine yenyewe safi, kioo hakina doa, betri zote mbili zinakaa. Kilichonifanya niache nyingine tatu zilizokuwa juu ya meza ni maneno ya muuzaji. Aliigeuza, akanionyesha kitrei cha laini, akasema: "Bosi, hii unachomeka laini humo humo, mambo ya hotispoti sahau." Nikaongeza elfu hamsini juu ya bei ya wenzake, roho nyeupe.

Kazi yangu inanipeleka Dodoma kila baada ya wiki mbili. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria 2024 basi nimeliaga, na yale masaa ya kwenye behewa ndiyo ninayotaka kuyafanyia kazi. Kwa sasa natumia hotispoti ya simu. Tukifika Morogoro simu imechemka kama pasi na chaji inasoma 20.

Sasa nimechomeka laini. Kimya. Hakuna alama ya mnara, hakuna sehemu ya kuweka APN (jina la lango la intaneti la mtandao), hakuna chochote. Laini nikiirudisha kwenye simu inadunda. Nimepiga dukani, jibu ni "sasisha Windows". Nimesasisha, bando la GB 5 limekwenda na maji, hali ni ile ile.

Tatizo nini?

Tandale Mzaliwa

Vocha umeweka lakini?

Kipara Ngoto

Muuzaji hajakudanganya mkuu. Alisema unachomeka, na umechomeka. Hakusema itashika.

Fundi Bisibisi

Mpanda Reli, pole. Umeuziwa tundu.

Iko hivi. Kiwandani kasha la mashine linatoka kwenye kalibu moja. Aliyelipia modemu na ambaye hakulipia wote wanapewa kasha lile lile, kwa hiyo kitrei cha laini kinaweza kuwepo na nyuma yake kukawa na hewa tupu. Ni sawa na nyumba ya kupanga yenye koki inayong'aa bafuni, ila bomba halijawahi kufika barabarani. Wauzaji wengine wanajua, wengine hawajui kabisa, wanaona tundu wanasema "ina laini".

Ili laini isomwe panatakiwa vitu viwili ndani. Kwanza kadi ya modemu, ambayo kwa kifupi chake inaitwa WWAN. Pili, waya mbili za antena zinazotoka kwenye hiyo kadi, zinapita kwenye bawaba na kupanda hadi juu ya kioo. Watu wanakumbuka kadi wanasahau antena. Kadi bila antena ni redio bila waya, utapata mnara kama mnara wenyewe uko sebuleni kwako.

Kabla hujashika bisibisi, fungua dirisha la amri (cmd) uandike:

netsh mbn show interfaces

Kadi ikiwepo itakuandikia aliyeitengeneza, modeli, na IMEI yake (namba ya utambulisho wa kifaa). Isipokuwepo itakuambia huduma ya wwansvc haifanyi kazi au hakuna kifaa cha aina hiyo. Ukipata jibu la pili usihangaike na draiva wala kusasisha, unampaka maiti mafuta.

Baada ya hapo fungua chini. T470 ina betri ya nje na nyingine ya ndani, kwa hiyo ingia BIOS kwanza (programu ya ndani inayoamka kabla ya Windows), sehemu ya Config halafu Power, zima betri ya ndani. Toa ya nje. Skrubu za chini zilegeze tu, hazitoki zote, usizing'ang'anie. Mfuniko unauachanisha taratibu kwa kadi ya plastiki, usitumie kisu jamani, kila wiki naletewa mashine yenye makovu.

Ndani angalia waya. Kijivu na nyeusi ni za Wi-Fi. Unazozitafuta ni nyekundu na bluu. Ukikuta nyekundu na bluu zimekunjwa pembeni, ncha zimevalishwa vimfuko vya plastiki, una bahati, unanunua kadi tu na shughuli imeisha. Usipoziona, rudi hapa tuongee.

Mtu wa MiFi

Mimi huwa sielewi haya mateso. Hotispoti ipo kwenye kila simu. Ukitaka heshima zaidi unanunua MiFi, kile kirusha Wi-Fi kidogo chenye laini yake, unaitupa kwenye begi, wanatumia watu watano. Sasa mtu anafungua mashine nzima, anatafuta waya nyekundu, ili apate kitu ambacho tayari anacho mfukoni?

Hata Apple hawajawahi kuuza MacBook yenye laini. Wangekuwa wajinga?

Chausiku wa Kisauni

Apple walijaribu, mwanangu. Mwaka 2011 ilionekana eBay MacBook Pro ya majaribio yenye tundu la laini na antena ya kuvuta pembeni kama redio ya babu. Hawakuiingiza sokoni, lakini wazo walikuwa nalo.

Mie niko Mombasa, natumia ThinkPad X1 Carbon yenye modemu ya ndani huu mwaka wa tatu. Hotispoti niliiacha kwa sababu mbili, na zote zilinitoa pesa.

Ya kwanza: Windows ikiona Wi-Fi hudhani uko nyumbani kwa mkondo usio na kipimo. Yaanza kuteremsha masasisho, OneDrive yapandisha picha, kila programu yakumbuka deni lake siku hiyo. Bando la wiki nilikuwa nikilimaliza kwa siku mbili na kazi yenyewe ni barua pepe tu. Ikiona laini iko ndani yake yenyewe, yajua huu ni mkondo wa kupimwa na yajizuia bila kuambiwa. Ndiyo, hata Wi-Fi waweza kuiwekea hicho kipimo kwa mkono, lakini ni nani akumbuka? Nawe Mpanda Reli, zile GB 5 zako zilikwenda na masasisho huku tatizo liko pale pale.

Ya pili: simu ikiita. Kama simu yako au laini yako haipigi juu ya 4G, basi ikiingia simu yashuka 3G au 2G ipate kupokea, na intaneti yashuka nayo. Nilikuwa kwenye mkutano wa video na mteja, mamangu akanipigia kuniuliza kama nimekula. Uso wangu uliganda pale skrini mdomo wazi hadi mama alipotosheka. Nimekula, mama. Kazi sikuipata.

MiFi ni sawa, sikatai. Lakini ni kitu cha pili cha kuchaji, cha pili cha kusahau hotelini.

Mtu wa MiFi

Hiyo ya mama nimekuelewa.

Mzee wa Modemu

Vijana mnanikumbusha mbali. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipotua pwani yetu Julai 2009, sisi tulikuwa na modemu za kuchomeka, Huawei E1550, kasi yake ya juu kabisa 3.6 Mbps, na hiyo ni karatasini. Baadaye ikaja E173 ya 7.2 tukajiona tumefika Ulaya. Inachomoza pembeni ya laptopu kama pembe ya mbuzi. Nilivunja matundu mawili ya USB kwa sababu ya kupita mlangoni na mashine kwapani.

Wakati huo huo kulikuwa na laptopu za makampuni zenye modemu ndani, ila hapa kwetu hakuna aliyejua. Nilinunua ThinkPad X220 ya mtumba, nikakaa nayo miaka miwili, siku natoa betri kuisafisha nakuta tundu la laini chini yake na kadi ya Ericsson F5521gw imekaa ndani kimya, 21 Mbps. Miaka miwili natembea na pembe ya mbuzi nje na nina kitu bora zaidi tumboni.

Tandale Mzaliwa

Ndoa nyingi ziko hivyo mzee.

Mpanda Reli

Wakuu, nimerudi. Amri ya Fundi imejibu kwamba huduma haifanyi kazi. Nikafungua.

Tundu la kadi lipo, safi, halijawahi kuguswa, hata vumbi la kiwandani liko pale pale. Kadi hakuna. Waya nyekundu hakuna. Bluu hakuna. Nimefuata njia ya waya za Wi-Fi hadi kwenye bawaba, ziko mbili tu zinapanda, kijivu na nyeusi, kama mke na mume.

Nimekaa sakafuni dakika kumi naangalia lile tundu.

Fundi, njia ipo au nikubali tu?

Fundi Bisibisi

Njia zipo mbili.

Ya mkato: kuna antena za kubandika, ni kama stika nyembamba yenye waya mfupi. Unazilaza chini ya sehemu ya kuwekea viganja, mbali na betri na mbali na bati lolote. Inafanya kazi, ila mnara wako unakuwa tumboni mwa mashine badala ya kuwa kichwani. Ukiiweka mapajani mwili wako wenyewe unameza mawimbi.

Ya kikubwa: tafuta T470 iliyokufa ambayo ilitoka kiwandani na modemu. Mashine za kukatia vipuri ziko nyingi, ubao umeungua lakini kasha zima. Unachukua mgongo wa kioo wenye antena zake zote nne unahamishia kioo chako humo. Ni kazi ya saa moja na nusu kwa mtu anayeijua, na ya siku nzima pamoja na machozi kwa asiyeijua. Kagua rangi kabla ya kulipa: lazima uone nyekundu na bluu zikining'inia.

Kwenye kadi sasa ndipo watu wanapopigwa mara ya pili, kwa hiyo nisome vizuri.

Kwa T470 utakutana na kadi mbili za Sierra Wireless: EM7455 na EM7430. Kwa macho ni mapacha, zote milimita 30 kwa 42, zote kasi yake ya kiwandani ni 300 Mbps kushusha na 50 kupandisha. Tofauti iko masikioni. Mitandao hurusha kwa mafungu ya masafa yanayoitwa bendi. EM7455 inasikia bendi ya 3, ya 7 na ya 20, ila ya 8 na ya 28 haizisikii. EM7430 iliundwa kwa ajili ya Asia na Pasifiki: inasikia ya 3, ya 8, ya 28, lakini ya 20 haijui.

Bendi ya 3 ni masafa ya MHz 1800, ya 20 ni 800, ya 28 ni 700. Mjini unaweza usione tofauti kwa sababu 1800 imejaa kila kona. Ukitoka nje ya mji ndipo mitandao inategemea masafa ya chini, maana yanakwenda mbali na yanapenya ukuta. Hapo ukiwa na kadi isiyosikia masafa ya mtandao wako, mnara unauona kwa macho, una taa nyekundu juu, na laptopu inakuambia 3G.

Usinunue kadi kabla hujajua laini yako inakaa bendi gani njiani kwako. Pakua kwenye simu ya Android programu inayoonyesha taarifa za mnara, panda treni, uiangalie. Andika. Ndipo ununue.

Singida Mjini

Fundi umechelewa miezi minne. Mimi nilinunua hiyo hiyo EM7430 mtandaoni kwa sababu ilikuwa nafuu kwa elfu kumi na tano na picha ilikuwa ile ile. Dar inapaa. Nikienda kwa wazee 4G inakufa, nabaki na 3G ya kubembeleza, na simu yangu yenye laini ya kampuni ile ile iko mezani pembeni imeshika 4G vistari vitatu. Nilidhani kadi mbovu. Nimebadilisha draiva, nimefuta Windows, nimeiweka upya, nimemlaumu mpaka shemeji yangu aliyeniletea kifurushi.

Kumbe haina sikio la 20.

Fundi Bisibisi

Iuze kwa mtu ambaye mtandao wake kwao uko kwenye 700. Kadi haina kosa, imeolewa ukoo usio wake.

Dada wa Ritani

Naomba kuuliza jambo la kijinga. Hiyo kadi ina IMEI, sawa? TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, si walizima simu feki kwa IMEI mwaka 2016? Nikinunua kadi ya mtumba haitazimwa?

Fundi Bisibisi

Si la kijinga. Zilizozimwa Juni 2016 ni zile za kughushi, IMEI za kubuni au moja inayotumika na simu elfu. Kadi halisi ya kiwandani ina IMEI yake halali, imeandikwa juu ya stika. Ukikuta kadi imekwanguliwa stika, achana nayo.

Laini utasajili kwa alama za vidole kama kawaida, kwa jina lako. Ushauri wangu wa ziada: usiweke humo laini yako ya M-Pesa. Laptopu ikiibwa usiwe na mawazo mawili kwa wakati mmoja. Weka laini ya data peke yake, halafu iwekee namba ya siri ya laini, Windows itakuuliza kila ikiwaka.

Kipara Ngoto

Mkuu Fundi, mimi nina ThinkPad ya zamani kidogo, T420. Nimesikia ukiweka kadi ngeni haiwaki kabisa. Kweli au hadithi za vijiweni?

Fundi Bisibisi

Kweli. Mashine nyingi za enzi hizo BIOS yake ina orodha ya kadi inazozitambua. Ukiweka ya nje ya orodha, ukiwasha inakuandikia 1802, kadi ya mtandao isiyoruhusiwa, zima uitoe. Haiendelei mbele hata hatua moja. HP nao walikuwa na yao, 104. Sababu wanayoitoa ni kwamba kwa sheria za Marekani redio inaidhinishwa pamoja na mashine iliyomo. Mimi naona na biashara imo, lakini hayo ni maoni yangu.

Kwa hiyo usinunue kadi yenye jina la modeli tu. Nunua iliyotolewa kwa ajili ya Lenovo ukiweka kwenye Lenovo, stika yake ina namba ya kipuri inayoanza na FRU. Sierra hiyo hiyo iliyotengenezwa kwa Dell inaitwa DW5811e, ndani ni EM7455 kabisa, lakini BIOS ya Lenovo inaweza kuikana kama Petro.

Na kama kadi imetoka Marekani, inaweza kuwa imebeba programu ya kampuni ya simu ya kule. Itawaka, itasoma laini, itagoma kujiunga. Inabidi ihamishiwe kwenye toleo la jumla. Usiogope, haijafa.

Mla Pengwini

Vipi sisi tunaotumia mfumo wa Linux badala ya Windows? Au tumesahaulika kama kawaida?

Fundi Bisibisi

EM7455 kwenye Linux ni mtoto mtulivu. Ikisomeka lakini redio ikagoma kuwaka, hiyo ni kufuli ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Tangu toleo la 1.18.4 la ModemManager, programu ya Linux inayoendesha modemu, haifunguliwi yenyewe, unatakiwa uunganishe mwenyewe hati ya kadi yako kutoka /usr/share/ModemManager/fcc-unlock.available.d kwenda /etc/ModemManager/fcc-unlock.d. Dakika mbili.

Ila wenye mashine mpya kidogo zenye Fibocom L850-GL, poleni. Masikio yake ni mazuri kuliko zote nilizozitaja, inasikia 3, 8, 20 na 28. Kwa Windows ni raha tupu. Kwa Linux utakesha.

Mpanda Reli

Wakuu, wiki tatu zimepita. Mrejesho.

Nilifanya kama Fundi alivyosema, nikapanda treni na simu mkononi naandika bendi kwenye daftari, jirani yangu akadhani mimi ni mkaguzi. Laini yangu Dar mpaka Morogoro ilikuwa kwenye 3, mbele ya hapo ikawa inarukaruka kati ya 3 na 20. Ishirini na nane sikuiona kabisa. Kwa hiyo EM7455.

Kadi nimeipata kwa elfu sitini, stika nzima, FRU ipo. Mgongo wa kioo nimeutoa kwenye T470 iliyomwagiwa chai, fundi wa vipuri alinionyesha waya nyekundu na bluu kabla sijauliza, nikajua huyu mtu anajua kazi. Kazi yenyewe nimeikalia pembeni mwanzo mwisho. Zile ncha za antena, jamani, ni ndogo kama kichwa cha kiberiti. Unailenga juu ya kadi, unaibonyeza kwa ukucha, huachii mpaka usikie "tk". Nyekundu alikosea mara tatu, ya nne ikalia. Hakuna aliyepumua mezani.

Laini nayo ilitaka kunitia aibu. Kitrei cha T470 ni cha laini ya ukubwa wa kati, na yangu nilishaikata ile ndogo kabisa. Bahati fremu ya plastiki ya laini nilikuwa sijaitupa, iko kwenye droo na risiti za mwaka juzi. Msitupe zile fremu.

Tukawasha. BIOS ikapita bila 1802. Windows ikafika, na kwenye mipangilio ya mtandao likatokea neno ambalo sijawahi kuliona kwenye mashine hii: "Cellular". Nikaandika APN "internet", nikasubiri. Vistari vinne.

Jumatatu nikapanda nayo. Simu iko mfukoni, baridi. Nimefanya kazi kutoka Pugu, faili limepanda, mkutano nimeingia. Kwenye mahandaki ya Kilosa inakatika kama kila kitu kinavyokatika, ila tofauti niliyoiona ni hii: ukitoka upande wa pili inajirudisha yenyewe kabla sijashika kitu. Na simu ilipigwa mara mbili, mkutano haukutikisika. Chausiku, nimekukumbuka.

Kisha karibu na Dodoma bando likaisha.

Hapo ndipo nikagundua jambo. Laptopu haina sehemu ya kubonyeza nyota na reli. Nitanunuaje bando? Nilichomoa laini kwa pini ya hereni ya abiria mwenzangu, nikaiweka kwenye simu, nikanunua, nikairudisha. Mnafanyaje nyie wenzangu?

Chausiku wa Kisauni

Mie nanunua kwa simu yangu, nachagua kununulia namba nyingine, naandika ya laptopu. Pesa yatoka M-PESA, bando laingia kule. Hereni ya watu ya nini?

Mla Pengwini

Kwenye Linux unaweza kujaribu moja kwa moja:

mmcli -m 0 --3gpp-ussd-initiate='*149*01#'

Menyu inakuja kwenye skrini nyeusi, unajibu kwa --3gpp-ussd-respond. Ikigoma ukiwa 4G, ishushe 3G kwanza ujaribu tena. Na SMS zinasomeka humo humo, kwa hiyo ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye laini haipotei.

Dada wa Ritani

Kwa hiyo simu ya mtu sasa kazi yake ni kumnunulia laptopu bando. Tumefika.

Mtu wa MiFi

Nauliza tu kwa mdomo wa chini. Elfu hamsini ya tundu, elfu sitini ya kadi, mgongo wa kioo, ufundi. Si ungepata MiFi na chenji?

Mpanda Reli

Ningepata. Na ningekuwa nayo kwenye begi ambalo nililisahau Dodoma wiki jana, likarudishwa na mlinzi likiwa na soksi tu.

Halafu ngoja niwape ya mwisho. Jana nimepita pale dukani, si kugombana, nilitaka tu anione. Nikafungua mashine mezani kwake, hakuna hotispoti, hakuna modemu ya nje, vistari vinne. Muuzaji akaizunguka, akainama akachungulia kitrei, akanivuta pembeni: "Bosi, hii umeifanyaje? Nina nyingine nne hapa zina tundu, wateja wananisumbua. Nipe namba ya fundi wako."

Fundi Bisibisi

Mwambie arudishe kwanza elfu hamsini yako. Namba atapata baadaye.